Mummu Aili na Upande wa Pili wa Daraja

Kwa miaka mingi Aili Saarimaa alitangaza, popote palipokuwa na watu wawili wa kumsikiliza, kwamba hana haja ya kuvuka Daraja la Mackinac.

"Nivuke nikatafute nini?" angesema, mikono kiunoni. "Kule chini kuna mazimwi tu."

Mazimwi ndilo jina tunalowaita wenzetu wa kusini mwa Michigan, kwa sababu wanaishi chini ya daraja. Wao nao wana majina ya kutuita sisi wa rasi ya juu, kaskazini ya daraja, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Ni jimbo moja, gavana mmoja, lakini mwite mtu wa Rautala, mji wetu, kuwa ni mtu wa Detroit, uone kama atakupa lifti. Kutoka kwetu hadi Detroit ni mbali kuliko kutoka Detroit hadi Washington kwa rais. Ndiyo maana sisi hatuhesabu maili. Daktari wa macho yuko mwendo wa saa mbili, shemeji yuko mwendo wa saa tano kama hakuna theluji, na mazimwi wako mbali mno hata hawafai kusalimiwa. Hata saa zetu si zao. Wilaya chache za huku magharibi, yetu ikiwemo, hufuata saa ya Wisconsin, iliyo nyuma kwa saa moja ya saa ya Michigan iliyobaki. Sisi hiyo yao tunaiita saa ya haraka, na yetu tunaiita saa.

Aili aliendesha basi la shule la Rautala tangu mgodi wa chuma ulipofungwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye shingo ya mbeba magogo na sauti ya kuamsha mtaa. Theluji ilipofika kwenye madirisha ya nyumba, na walimu wenyewe wakawa wanaomba shule ifungwe, basi la Aili lilitokea kwenye kona likiunguruma, taa zinawaka, na watoto wakapanda huku wananung'unika. Walimwita Mummu, yaani bibi kwa lugha ya wazee wetu waliotoka Ufini. Nusu yao walikuwa wajukuu wa Waingereza wa Cornwall na Wafaransa wa Kanada, lakini Mummu alikuwa Mummu wa wote. Akikukuta umesimama basi linakwenda, alikuvuta sikio bila kujali baba yako ni nani.

Sasa, ukweli. Aili aliliogopa lile daraja kufa.

Alilivuka mara moja tu, akiwa bibi harusi, kwenye gari la mumewe Waino. Njia ya ndani ya daraja lile haina lami. Ni wavu wa chuma, na ukitazama chini unaona maji ya maziwa mawili yakigombana mbali kule chini. Aili alitazama chini. Safari iliyobaki aliifanya akiwa sakafuni mwa gari, koti la Waino kichwani, akimwomba Mungu kwa lugha mbili. Waliporudi nyumbani, kwa kuzunguka mbali kupitia Wisconsin, alimwapisha mumewe asimwambie mtu, na Waino akala kiapo, akakitunza. Kuanzia hapo chuki ya Aili kwa mazimwi ikanawiri. Ilikuwa chuki ya maana sana. Ilimpa sababu ya kutokwenda harusi, mazishi, na hata maonyesho makubwa ya jimbo, ambako pasti zake, ile mikate ya unga iliyofumbata nyama na viazi, zingeshinda bila ubishi.

Safari za ng'ambo ya daraja ziliachiwa dereva mwenzake, Urho Peltola. Mambo yakaenda hivyo kwa amani mpaka mwaka ule timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilipofika fainali ya jimbo.

Rautala haikuwahi kufika fainali ya kitu chochote. Watu walilia madukani. Jumatano jioni Urho, kwa furaha, akaoga sauna, bafu letu la mvuke, akatoka mbio uchi kama tunavyofanya sote, akajirusha kwenye lundo la theluji nyuma ya nyumba. Alisahau kwamba chini ya lundo lile alikuwa ameegesha jembe la kusukumia theluji. Mguu ukavunjika mahali pawili. Alipobebwa kupelekwa kwa daktari, bado anatoa mvuke, alikuwa anapiga kelele: "Aili! Mwambieni Aili!"

Kocha Darlene Beauchamp alikwenda mwenyewe nyumbani kwa akina Saarimaa. Alimkuta Aili anakanda unga.

"Mummu, ni wewe tu mwenye leseni ya basi. Tusipofika, kombe wanapewa wale wa chini bila jasho."

Aili aliendelea kukanda. Waino, aliyekuwa amekaa mezani, alitazama dari.

"Hao wasichana nimewabeba tangu wanavuja kamasi," Aili alisema mwishowe. "Nitawaacha njiani leo? Tunaondoka kesho asubuhi."

Kocha alimkumbatia akaondoka analia. Mlango ulipofungwa, Waino alimgeukia mkewe. "Mama, una akili timamu?"

"Nina mpango," Aili alisema. Na kweli alikuwa nao. Alikuwa amesikia siku nyingi kwamba pale darajani kuna wafanyakazi ambao mtu mwoga akiwaomba humwendeshea gari hadi ng'ambo. Angeshuka kwenye kibanda cha ushuru wa daraja, aseme kiuno kinamuuma, mtu wa daraja ashike usukani, naye akae nyuma na afumbe macho. Hakuna ambaye angejua. Alilala usingizi mzito.

Alhamisi waliondoka, basi mbele, pikapu ya Waino nyuma ikiwa na kreti mbili za pasti zilizofunikwa mablanketi. Mashabiki wengine walikuwa wametangulia usiku kucha, mji mzima, hata kasisi. Barabara ilipita misitu, ikapita miji iliyotuchukia. Trevarrow ndiyo ilituchukia zaidi. Trevarrow na Rautala wameoneana wivu tangu enzi za migodi, na kila mwaka mechi yao na yetu huisha kwa polisi. Basi lilipopita pale, mtoto mmoja alirusha donge la theluji likapiga kioo.

"Kamlete baba yako!" Aili alimfokea dirishani, na wasichana wakashangilia.

Giza lilipoingia walifika ufukweni, upande wa juu wa daraja, wakalala kwenye ukumbi wa kanisa. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa kwetu tu. Kila safari ya kwenda mashariki, Urho ndiye aliyesimama katikati ya basi na kupiga kelele, "Sogezeni saa!" Na watu wote walisogeza mishale mbele. Safari hii Urho alikuwa amelala kitandani na mguu juu. Kocha alijua Urho hushughulikia. Aili hakuwa amefika mbali kiasi hicho tangu harusi yake. Hakuna aliyepiga kelele, na hakuna aliyesogeza.

Asubuhi walikula pasti za moto walizopasha kwenye jiko la kanisa, nyama, viazi, kitunguu na rutabaga, ule mzizi wa manjano, ndani ya unga, na tomato sosi juu yake. Hawakuwa na haraka. Jodi Nankervis, nahodha, msichana mrefu mwenye mdomo usiolala, alisimulia tena jinsi atakavyomzima mchezaji nyota wa mazimwi. Aili alicheka pamoja nao, lakini hakula. Kupitia dirishani alikuwa ameiona minara ya daraja.

Kibandani pa ushuru palikuwa na foleni fupi na upepo mkali. Aliyekuwa ndani ni kijana mnene mwenye kofia ya sufu, jina lake Clayton limeandikwa kifuani. Aili alifungua dirisha, akainama, akanong'ona.

"Mwanangu, kiuno changu leo kimekataa kabisa. Nasikia mna watu wa kuvusha gari."

Clayton alilitazama basi kutoka mbele mpaka nyuma. "Gari dogo, mama, ningekuvusha mwenyewe sasa hivi. Hili ni basi, na lina watoto. Leseni yake sina. Mwenye nayo leo hayupo."

"Atarudi lini?"

"Jumatatu."

Aili akavuta breki ya mkono. "Basi tutapumzika kidogo. Tuna muda. Mechi ni saa nane na nusu, na sasa hivi ni saa tatu."

"Saa nne, mama," Clayton alisema. Akaonyesha saa ya ukutani nyuma yake.

Ndani ya basi mikono ikaanza kuinuliwa, kila mtu akitazama saa yake. Kisha Kocha Darlene akatazama saa yake ya mkononi, akashika kichwa. "Urho!" alisema, kama mtu anayetaja shetani. "Hakuna aliyesogeza saa!"

"Na kama mnakwenda, nendeni," Clayton aliendelea. "Upepo unapanda. Wakubwa wanataka kuzuia magari marefu muda wowote kutoka sasa. Njia ya nje imefungwa, barafu inadondoka kutoka kwenye nyaya. Mtapita ya ndani, nyuma ya gari letu la taa ya njano. Polepole tu."

Ya ndani. Ya wavu.

Waino alikuwa ameshuka kwenye pikapu, amesimama chini ya dirisha la mkewe, ndevu zimejaa theluji. Alikuwa amesikia yote. Alivua koti lake, akaliinua.

"Nikupe?" aliuliza taratibu.

Ilikuwa dhihaka, na ilikuwa huruma pia, na Aili alivijua vyote viwili. Alitazama mikono yake juu ya usukani. Aliibandua, akairudisha, akaibandua tena, na Jodi, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa anaitazama pia.

"Mummu? Unaumwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Kiuno kilikuwepo tayari, kimeandaliwa. Wangerudi nyumbani, watu wangemwonea huruma, na wasichana kumi na wawili wangezeeka wakisimulia fainali ambayo hawakuicheza. Hapo ndipo aibu ilipompanda, aibu ya miaka yote ile ya kujitia hodari. Akapiga moyo konde, akasimama, akawageukia.

"Siumwi. Naogopa," alisema. "Naliogopa hili daraja. Sijawahi kuendesha gari juu yake. Nilipita mara moja, nikiwa nimelala sakafuni kama gunia la viazi. Maneno yote niliyokuwa nasema juu ya mazimwi, nusu yake ni woga. Sasa mnajua."

Hakuna aliyecheka. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka.

"Nusu tu?" Jodi aliuliza.

"Nusu nyingine ni kweli kabisa."

Hapo wakacheka, na basi zima likapata pumzi.

"Nitawavusha," Aili alisema. "Lakini msininyamazie. Nikisikia kimya nitasikia chuma. Pigeni kelele, semeni upuuzi wowote."

Waino alivaa koti lake akarudi kwenye pikapu. Gari la taa ya njano likatangulia. Aili akaachia breki.

Mwanzoni palikuwa na lami, kisha matairi yakaingia kwenye wavu, na sauti ikabadilika. Chuma kiliimba chini ya miguu yao, sauti nyembamba inayoingia kwenye meno. Upepo ukalisukuma basi pembeni, Aili akalirudisha. Wasichana walianza kuimba wimbo wa shule, sauti zao zikatetemeka zikafa. Nao walikuwa wametazama chini. Kilichobaki ni kuimba kwa chuma. Taa ya njano mbele ikaanza kuwa mbili.

Ndipo Jodi Nankervis, mjukuu wa wachimba migodi wa Cornwall, mtoto aliyelelewa kwa pasti tangu alipoota meno, akajisafisha koo.

"Mimi kwa kweli," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "naona pasti ni tamu zaidi ikiwa na mchuzi."

Mshangao ulikuwa mkubwa hata kocha aligeuka.

"Nini?" Aili alisema.

"Mchuzi, Mummu. Ule wa kahawia, mzito. Unaumwaga juu. Tomato sosi ni ya watoto."

"Nani amekufundisha ujinga huo?"

"Na rutabaga ningeitoa," Jodi aliendelea bila haya. "Ningetia karoti. Njegere pia."

"Njegere!" Sauti ya Aili ilipanda juu ya upepo. "Njegere ndani ya pasti! Bibi yako anajua? Yule mama mwenye heshima zake, aliyepeleka pasti mgodini kila siku ya Mungu, akamzaa mama yako, akakulea wewe, ili uje umwage mchuzi? Ukimwaga mchuzi unga unalowa! Unga ukilowa hiyo si pasti tena, huo ni uji!"

"Mazimwi wanakula hivyo, na wanashinda mechi," msichana mwingine alidakia kutoka nyuma.

"Nani huyo? Nani amesema? Kristi Ojala, nimekuona kwenye kioo! Mama yako nitamwambia leo leo! Na wewe ulikula pasti zangu mbili asubuhi, ungesema mapema ningempa mbwa!"

Basi zima likalipuka. Mmoja alidai nyama ya kuku. Mwingine alidai jibini. Kocha mwenyewe, Mungu amsamehe, alisema aliwahi kuonja ya mboga tupu na haikuwa mbaya. Aili aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa majina ya mababu zao. Alikuwa mwekundu, mishipa imemtoka shingoni, mkono mmoja unapiga usukani na mwingine umelishika basi sawasawa ndani ya njia yake. Upepo ulisukuma, naye akausukuma bila kuufikiria, kwa sababu alikuwa anamweleza Kristi Ojala kuhusu mafuta ya kukandia unga.

"...na maji yawe baridi, baridi ya barafu, si ya bomba..."

"Mummu," Jodi alisema.

"Usinikatize! Na ukishafunga kingo..."

"Mummu. Tumeshavuka."

Aili alitega sikio. Sauti ya chuma haikuwepo. Kulikuwa na lami, kituo cha mafuta, na gari la taa ya njano limesimama pembeni, dereva wake akiwapungia mkono. Alitazama kwenye kioo. Daraja lilikuwa nyuma, lote, pamoja na minara yake miwili, na pikapu ya Waino ilikuwa inashuka taratibu ikipiga honi bila kuacha.

Alisimamisha basi. Aliweka kichwa juu ya usukani akalia kwa sauti, kilio kikubwa cha furaha, na wasichana wakamwangukia wote, mabegani, shingoni, mpaka honi ikajibonyeza yenyewe.

"Mchuzi ulikuwa uongo, Mummu," Jodi alimnong'oneza. "Naapa."

"Bahati yako," Aili alisema, akafuta kamasi, akatia gia.

Aliendesha saa nne zilizobaki hadi ukumbi wa fainali kana kwamba barabara ni yake. Walifika ukumbini wasichana wamekwisha kuvaa sare ndani ya basi, wakaingia uwanjani moja kwa moja, na mji mzima wa Rautala, uliokuwa umekaa ukiuma kucha, ukasimama ukapiga yowe. Wale mabinti walicheza kama watu waliokwisha kumaliza kuogopa. Jodi alimzima yule nyota wa kusini, na Kristi Ojala akafunga kikapu cha mwisho, mpira umezunguka kwenye ringi, watu wamefumba macho, ukazama. Tukashinda kwa pointi moja. Kombe lilipoletwa, wasichana hawakuliinua kwanza. Walishuka nalo mpaka benchi, wakampa mwanamke mfupi, mpana, mwenye funguo za basi mkononi, wakamsukuma aliinue yeye. Alipoliinua, nilipoteza sauti yangu na haikurudi mpaka Jumanne.

Jumamosi walirudi. Upepo ulikuwa umetulia na njia zote mbili za daraja ziko wazi. Aili alichagua ya wavu. Katikati, juu kabisa, alifungua dirisha lake akatazama chini kwa makusudi, akawaambia wasichana maji yale ni mazuri kuliko alivyodhani.

Upande wa juu, mbele ya kibanda cha Clayton, lilikuwa limesimama gari la zimamoto lenye maandishi ya Trevarrow. Walikuwa wamesafiri rasi nzima, tangu alfajiri, kuja kutupokea. Mkuu wao, jitu lenye masharubu ambalo tulikuwa tumelizomea miaka yote, lilikuja dirishani likavua kofia.

"Dereva nani?"

"Mimi," Aili alisema, tayari kwa ugomvi.

"Nifuate, mama. Leo ninyi ni wetu."

Akawasha taa nyekundu na king'ora. Kila mji waliopita ulikuwa umetoa gari lake la zimamoto, na watu wamesimama kwenye theluji pande zote za barabara, miji yote ile isiyotupenda, wakipiga masufuria na kupeperusha mashuka. Magari yakazidi kuungana mpaka mstari wake haukuonekana mwisho. Aili aliwapigia honi wote, hata Trevarrow, hasa Trevarrow.

Mwaka uliofuata Trevarrow nao wakafika fainali. Dereva wao alikuwa mzima wa afya, miguu yake yote miwili salama. Hata hivyo yule mkuu mwenye masharubu aliendesha mpaka Rautala, akagonga mlango wa akina Saarimaa, akasimama pale kizingitini akizungusha kofia mikononi, akaanza kusema kwamba wasichana wao wanaogopa lile daraja, na kwamba wameambiwa kuna mtu. Aili alikwisha kuvaa buti kabla hajamaliza.